Ndagala wa Ziwa Zima

Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, taa za wavuvi huwaka mbele ya Uvira. Ndagala huufuata mwanga, na wavu huwainua kutoka chini. Asubuhi huanikwa juani. Kusini kabisa mwa ziwa, huko Mpulungu katika nchi ya Zambia, wavuvi hufanya vivyo hivyo, ila samaki huyo humwita kapenta. Watu wa Kigoma humwita dagaa. Toka Uvira hata Mpulungu ni zaidi ya kilometa 600. Je, ndagala wa pande hizo ni ukoo mmoja, au kila pwani ina ukoo wake?

Swali hili lahusu chakula. Kama kila pwani ingekuwa na ukoo wake, watu wa Uvira wangeweza kuwapumzisha ndagala wao na kuvuna faida peke yao. Lakini kama ukoo ni mmoja, wavu wa matundu madogo mno unaotumika Kigoma huipunguza sahani ya Uvira, na wavu wa Uvira huipunguza ya Kigoma.

Kutazama kwa macho hakutoshi. Wataalamu hukata kipande kidogo cha pezi. Ndani ya kila chembe ya mwili mna nyuzi nyembamba ajabu za urithi. Nusu mtoto huzipata kwa baba, nusu kwa mama. Nyuzi hizo zina alama nyingi, mfano wa kamba yenye mafundo. Samaki wanaozaana pamoja hushiriki alama zile zile. Wakitengana vizazi vingi, alama zao huanza kuachana.

Mfano ni samaki wadogo wa mawe, wanaokwangua majani ya maji juu ya miamba. Hao hawathubutu kuvuka mchanga mpana. Kwa hiyo mwamba huu una wenye mshipi wa manjano, na mwamba wa mbele wana rangi nyingine, ingawa ni jamaa. Zamani za kale maji ya ziwa yalipopungua, baadhi yao walikutana tena, wakazaana na kuchanganyika.

Ndagala hakai mahali pamoja. Huogelea kwa makundi katika maji mapana. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa samaki waliokusanywa toka kaskazini hata kusini. Umbali haukuwagawanya ndagala kuwa koo mbalimbali. Tofauti kubwa iliyoonekana katika nyuzi zao ilikuwa ile ya dume na jike!

Lumbu, ndugu yake ndagala, ana jambo la ajabu zaidi. Sehemu kubwa ya uzi wake mmoja imepangwa kwa namna mbili. Namna zote mbili zimo ziwani kote, lakini hesabu yake hubadilika kidogo kidogo toka kaskazini kwenda kusini. Mwaka 1959 lumbu walipelekwa katika Ziwa Kivu, ambako huitwa sambaza. Huko hesabu hiyo imekuwa nyingine sana.

Nchi nne zinalizunguka ziwa: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Mwaka 2003 zilitia sahihi mkataba wa kulitunza pamoja. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika maji yake tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti. Miezi mitatu ni mirefu kwa nyumba inayoishi kwa wavu. Kwa ndagala pia ni mirefu, maana umri wake wote ni kama mwaka mmoja tu, na katika muda huo hukua na kutaga mayai.