Picha Inayomtambulisha Mtu: Uteuzi wa Kamera za Usalama za Gharama Nafuu kwa Maduka Madogo Jijini Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mwenye duka dogo anavyoweza kuchagua vifaa vya kamera za usalama kwa fedha kidogo bila kupoteza lengo la kuvinunua. Hoja kuu ni kwamba unafuu haupimwi kwa bei ya kamera wala kwa idadi yake. Hupimwa kwa uwezo wa mfumo mzima kutoa picha inayomtambulisha mtu na kuihifadhi hadi siku itakapohitajika. Vipengele vinavyojadiliwa ni umbali na lenzi, mwanga, uhifadhi wa picha, nyaya na umeme, pamoja na wajibu wa kisheria wa anayerekodi.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuitwa na ndugu yake mwenye duka la vyakula na uwakala wa huduma za fedha kwa simu, ili amsaidie kutazama picha za siku ambayo fedha zilipungua kwenye droo. Duka lilikuwa na kamera nne. Moja ilielekea mtaani, mbili ziliangalia makabati ya bidhaa, na ya nne, iliyofungwa juu kwenye kona ya dari, ilionesha duka zima. Siku ile watu watatu walipita nyuma ya kaunta: msichana wa zamu, kijana aliyeshusha mizigo, na jirani aliyekuja kutafuta chenji. Picha zilionesha mtu akiinama kwenye droo, lakini uso wake ulikuwa doa jeusi mbele ya mlango uliojaa jua. Lawama zikamwangukia msichana, naye akaacha kazi wiki hiyohiyo. Mpaka leo hakuna anayejua kama alionewa.

Kisa hiki kinaonesha kwamba hasara ya picha mbovu haiishii kwenye fedha zilizopotea. Picha isiyomtambulisha mtu humwachia mwenye duka shaka, na aghalabu shaka humwangukia aliye dhaifu zaidi. Kwa hiyo swali la makala haya ni hili: mwenye mtaji mdogo azielekeze wapi fedha zake ili apate picha inayoweza kumtia hatiani mkosaji na vilevile kumsafisha asiye na kosa?

2.0 Picha Inatakiwa Kufanya Kazi Gani?

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza idadi ya kamera au ya megapikseli. Ingefaa kuanza na kazi ya picha. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilitofautisha kazi hizo kwa idadi ya pikseli zinazoangukia kila mita moja ya eneo linaloonekana. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kugundua kwamba kuna mtu. Pikseli 125 zinawezesha kumtambua mtu ambaye mtazamaji anamfahamu. Ili kumtambulisha mtu asiyefahamika, zinahitajika pikseli 250 kwa mita.

Kutokana na vipimo hivi mwenye duka anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Kamera ya megapikseli 2 hutoa picha yenye upana wa pikseli 1920. Tukigawa kwa 250, tunapata mita 7.68, yaani upana mkubwa kabisa wa eneo ambamo uso wa mgeni utatambulika. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo hupatikana katika kamera nyingi za bei nafuu, huona pembe ya takribani nyuzi 100, na kwa hiyo upana huo hufikiwa katika umbali wa mita 3 na kidogo tu. Lenzi ya milimita 6 huona takribani nyuzi 50, na hutoa kiwango kilekile hadi mita 8 hivi. Hesabu hizi ni za hali njema ya mwanga. Mtu anayetembea upesi au mwanga hafifu hupunguza umbali huo.

Hitimisho la hesabu hii ni kwamba kamera inayoonesha duka zima haimtambulishi mtu yeyote aliye mbali nayo. Duka dogo linahitaji picha mbili zenye uhakika: ya uso wa kila anayeingia mlangoni, na ya mikono pamoja na sura kwenye droo ya fedha. Kamera ya mlangoni ifungwe kwenye kimo cha mita 2 hadi 2.5, kwa maana ikipandishwa sana itarekodi kofia na utosi. Kamera nyingine ziongezwe baada ya hizi mbili kukamilika.

3.0 Mwanga

Katika maduka yetu, ambayo mbele huwa wazi tangu asubuhi hadi usiku, adui mkubwa wa kamera ni jua la nje. Kamera iliyo ndani ikielekezwa mlangoni hujirekebisha kufuata mwanga wa nje, na anayeingia huonekana kama kivuli. Dawa ya kwanza haina gharama: kamera ifungwe pembeni, isielekezwe moja kwa moja kwenye uwazi wa mlango. Dawa ya pili ni kuchagua kamera yenye uwezo wa WDR halisi, ambao kwa kawaida huandikwa kwenye boksi kuwa desibeli 120. Maandishi ya “WDR ya dijitali” humaanisha marekebisho ya programu tu, nayo hayafikii kiwango hicho. Fundi asilipwe kabla mwenye duka hajasimama mlangoni wakati jua limewaka na kuutazama uso wake mwenyewe kwenye skrini.

Usiku, kamera nyingi hutumia mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Mwanga huo hugonga kioo, ukuta wa karibu au utando wa buibui na kurudi kwenye lenzi, picha ikawa ukungu mweupe. Kufuta lenzi na kuacha balbu moja ya LED ikiwaka mara nyingi kunasaidia kuliko kununua kamera ya bei kubwa zaidi.

4.0 Uhifadhi wa Picha

Katika kisa kilichoelezwa hapo juu, boksi la kamera liliandikwa megapikseli 2. Hata hivyo, mashine ya kurekodia ilikuwa imewekwa ihifadhi picha zenye upana wa pikseli 640 tu ili diski ndogo isijae haraka. Kwa maneno mengine, ubora ulionunuliwa kwenye kamera ulitupwa kwenye mashine. Mnunuzi hana budi kumtaka fundi amwoneshe picha iliyorekodiwa, kwani picha ya moja kwa moja kwenye skrini huweza kuwa nzuri huku inayohifadhiwa ni dhaifu.

Ukubwa wa diski nao unahesabika. Kamera moja inayorekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde hutumia gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne hutumia gigabaiti 86.4, na diski ya terabaiti 1 hujaa baada ya siku 11, kisha picha za zamani huanza kufutwa. Kamera mbili kwenye diski hiyohiyo hudumu siku 23. Hivyo basi, kuongeza kamera bila kuongeza diski ni kufupisha kumbukumbu ya duka.

Muda unaofaa hutegemea desturi ya duka lenyewe. Anayefunga hesabu kila jioni huweza kutosheka na wiki mbili. Anayehesabu bidhaa mara moja kwa mwezi anahitaji zaidi ya siku 30, kwa kuwa wizi atakaougundua huenda ulitokea mwanzoni mwa mwezi. Mfumo wa kubana picha wa H.265 hupunguza matumizi ya diski ukilinganishwa na H.264, ilimradi mashine na kamera vyote viukubali.

Diski iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kurekodi mfululizo. Diski iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu ni unafuu wa muda mfupi. Mashine ifichwe mbali na kaunta, ndani ya kabati la kufungwa lenye matundu ya hewa. Kamera zisizo na waya zinazohifadhi picha kwenye kadi iliyomo ndani yake ni rahisi kununua na kufunga, lakini mwizi akiing’oa kamera huondoka na ushahidi.

5.0 Nyaya na Umeme

Mfumo wa analojia wa ubora wa juu, unaotumia waya wa koaksi na mashine ya DVR, kwa kawaida ndio wenye gharama ndogo kwa duka la kamera mbili hadi nne. Mnunuzi ahakikishe kwamba DVR inakubali aina ya mawimbi ya kamera zake, kwa sababu AHD, HD-CVI na HD-TVI si kitu kimoja. Kamera za mtandao hupokea umeme na kutuma picha kwa waya mmoja, usiozidi mita 100, na zinafaa pale duka linapotarajiwa kupanuka.

Waya ndio mahali ambapo unafuu wa uongo hujificha. Nyaya nyingi za bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba tupu. Mchana kamera hufanya kazi. Usiku, taa za infraredi zinapowaka na kuongeza mahitaji ya umeme, kamera huzimika. Mwenye duka hudhani kamera ni mbovu, kumbe ni waya. Ncha ya waya ikikwanguliwa kwa kisu na kuonesha weupe ndani, si shaba.

Umeme unapokatika, kamera hulala saa ileile ambayo giza humfaa mwizi. Kamera nne na DVR hutumia takribani wati 40. UPS ndogo yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 huweza kuzishikilia kwa muda wa saa moja hivi. Mbili hudumu zaidi.

6.0 Wajibu wa Anayerekodi

Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaruhusu ushahidi wa kielektroniki na kuitaka mahakama, katika kuupima, izingatie uaminifu wa namna ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa. Kwa sababu hiyo saa na tarehe za mashine zikaguliwe kila mwezi, na nakala ya tukio itolewe mapema.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wakusanyaji wa taarifa binafsi wajisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzitumia taarifa kwa lengo lililokusudiwa. Tangazo la kuwapo kwa kamera libandikwe mahali panapoonekana, na picha za mtuhumiwa zipelekwe polisi, si kwenye makundi ya WhatsApp. Nenosiri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza: mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodia nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mwenye fedha kidogo hufaidika zaidi na kamera mbili zilizolengwa vizuri, diski ya kutosha, waya wa shaba na betri, kuliko kamera nane zinazorekodi vivuli. Ndugu wa mwandishi hatimaye aliihamishia kamera moja mlangoni na nyingine juu ya droo, akabadilisha diski na kurekebisha ubora wa kurekodi. Hakununua kamera mpya hata moja. Vifaa vya kumwondolea shaka yule msichana vilikuwamo dukani siku ile. Kilichokosekana ni maarifa ya kuvipanga.