Timu moja, viwanja viwili, daraja katikati

Mfanyabiashara wa Busia hahitaji kuelezwa maana ya mji mmoja wenye serikali mbili. Ukisema unakwenda Busia, utaulizwa: ya Kenya au ya Uganda? Mpaka wa Marekani na Mexico nao una miji ya namna hiyo. Laredo iko Texas, Nuevo Laredo iko jimbo la Tamaulipas, na katikati unapita mto Rio Grande. Kwa miaka kumi miji hiyo ilikuwa na klabu moja ya besiboli, ikicheza nyumbani katika nchi mbili.

Zamani ulikuwa mji mmoja, ulioanzishwa mwaka 1755 wakati wa utawala wa Hispania. Mkataba wa 1848 uliomaliza vita vya Marekani na Mexico ukaufanya mto kuwa mpaka. Waliotaka kubaki Wameksiko wakavuka na kujenga Nuevo Laredo, maana yake Laredo Mpya. Undugu haukukatika, wala biashara.

Klabu yenyewe ilikuwa ya upande wa Mexico: Tecolotes, yaani Mabundi. (Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali; huko wanamshangilia.) Ilichukua ubingwa wa Ligi ya Mexico mwaka 1953, 1954, 1958 na 1977. Kuanzia 1955 ligi hiyo ilihesabiwa miongoni mwa ligi ndogo, yaani madaraja yaliyo chini ya ligi kuu za Marekani, na ikabaki humo hadi 2020.

Mwaka 1982 peso iliporomoka. Maduka ya Laredo yaliyotegemea wateja kutoka ng'ambo ya mto yakakosa wanunuzi, kwa kuwa Mmeksiko aliyekuwa akinunua viatu na redio kwa peso zake sasa hakumudu bei ya dola. Anayeuza nguo mpakani wakati shilingi ya upande mmoja inashuka anaijua hali hiyo. Miaka mitatu baadaye, 1985, klabu ikabadilisha jina na kuwa Tecolotes de los Dos Laredos, Mabundi wa Laredo Mbili, na mechi za nyumbani zikagawanywa kati ya viwanja vya pande zote mbili. Mapenzi ya mchezo yalikuwapo, lakini nadhani tiketi za dola nazo zilikuwa na sauti yake. Mwaka 1989 wakawa mabingwa.

Sasa angalia tarehe. Mkataba wa biashara huria wa Marekani, Kanada na Mexico ulianza kutumika Januari 1, 1994. Malori yakaongezeka darajani. Mwaka huohuo klabu ya pamoja ikavunjika. Mwanaanthropolojia Alan Klein, aliyeandika kitabu kuhusu timu hiyo, alionyesha kwamba ndani yake udugu wa mpakani na ushindani wa kitaifa vilikuwa vikivutana muda wote. Nuevo Laredo ikabaki na mabundi wake. Miaka iliyofuata vita vya magenge ya mihadarati viliutikisa mji huo, na timu ikahama.

Jina la Laredo Mbili lilirudi mwaka 2018. Upande wa Mexico wanacheza Parque La Junta; upande wa Texas wanatumia Uni-Trade Stadium, uwanja wenye jina la kampuni ya kupitisha mizigo mpakani. Kwa hiyo hata wakala wa forodha ana sehemu yake katika hadithi hii.

Lakini Machi 2020, kwa sababu ya korona, Marekani ilifunga mipaka yake ya nchi kavu kwa wasafiri wasio na shughuli za lazima, na haikuifungua hadi Novemba 8, 2021. Malori yaliendelea kupita muda wote huo. Leo korona imepungua, ila mchezaji wa Mabundi asiye na viza ya Marekani bado hawezi kuvuka kwenda kucheza mechi ya nyumbani.