Je, Wajua? Nganya Huanza Ikiwa Mifupa

Simama Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, kando ya Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, uzitazame nganya, yaani matatu zilizopambwa, zikipita na michoro yake. Je, wajua kwamba nyingi huanza zikiwa chasi tupu ya lori dogo, mara nyingi Isuzu NQR?

Bodi yote huundwa hapa nchini kwa mikono. Fundi huchomelea vyuma vya pembe nne hadi kiunzi kisimame, kisha hukivika mabati. Baada yake huja wa viti, wa nyaya, wa muziki, na mchoraji. Hakuna anayeyajua yote, ndiyo maana kazi hupita kwa binamu, rafiki na jirani. Hata anayeshika tochi usiku ana sehemu yake, nami namheshimu kama fundi.

Mwaka 2004, sheria mpya za matatu zilileta mstari wa njano badala ya michoro, na wachoraji wengi wakakosa kazi. Muongo mmoja baadaye, Rais Uhuru Kenyatta aliiunga mkono michoro hadharani, na rangi zikarudi barabarani.