Foleni Ipimwe kwa Muda, Si kwa Idadi

Ingia saiba yoyote ya Sultan Hamud siku za mwisho za Juni, watu wanapokimbizana kuwasilisha ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30. Kompyuta kadhaa zinatumia laini moja ya simu. Mteja mmoja akianza kupakia video ya harusi, kurasa za iTax kwa wengine wote zinaganda. Mwenye saiba anapima kasi ya intaneti na kuikuta iko vilevile, kwa hiyo lawama zinaiendea serikali.

Serikali ina makosa yake, ila hili mara nyingi si lake. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009, na data yake hupanda kwenda Nairobi kwa ushoroba huuhuu wa barabara na reli unaopita mjini hapa. Huko njia ni pana. Wembamba uko kwenye hatua ya mwisho, kati ya saiba na mlingoti wa simu, na mbele ya wembamba ndipo foleni hujipanga. Swali ni nani aliyeamua foleni hiyo iwe na urefu gani.

Aliyeamua ni kiwanda, au mwandishi wa draiva, yaani ile sehemu ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inayozungumza na kifaa. Katika mfumo endeshi wa Linux, pakiti (kipande cha data) inayotoka hupita foleni mbili. Ya kwanza ni ya kerneli yenyewe, ambamo pakiti bado inaweza kupangwa upya, kupishwa au kutupwa. Ya pili ni foleni ya mviringo ambayo draiva na kadi ya mtandao huitumia pamoja. Pakiti ikishaingia humo, hakuna wa kuipanga tena. Inangoja zamu yake tu. Kwa miaka mingi foleni hizi zilipewa ukubwa kwa kuhesabu pakiti, na kwa foleni ya kerneli idadi iliyozoeleka ilikuwa 1,000.

Sasa piga hesabu. Pakiti 1,000 za baiti 1,500 ni biti milioni 12. Kwenye laini ya gigabiti moja kwa sekunde zinaisha kwa milisekunde 12, na hakuna atakayehisi. Kwenye laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde, pakiti hizohizo zinachukua sekunde 6. Anayebofya kitufe cha kuwasilisha ritani, ombi lake dogo linasimama nyuma ya video ya harusi kwa sekunde hizo zote. Anabofya tena, na foleni inakua. Itifaki ya TCP nayo hupunguza mwendo inapoona pakiti zimepotea. Foleni ndefu isiyotupa chochote humfanya mtumaji aamini kwamba mambo ni shwari. Jim Gettys, mmoja wa waliobuni mfumo wa X Window, alianza kulipigia kelele tatizo hili mwaka 2010. Bei ya kumbukumbu ilikuwa imeshuka, na watengenezaji wakawa wanarundika bafa, yaani kumbukumbu za kuwekea foleni, kila mahali wakidhani wanatenda wema.

Linux ilipata jibu la kwanza katika toleo la 3.3, Machi 2012, kwa kazi ya Tom Herbert wa Google. Badala ya kuhesabu pakiti, kerneli inahesabu baiti zilizokabidhiwa kadi na zile ambazo kadi imekwisha kuzituma, kisha inajiwekea kikomo na kukirekebisha yenyewe. Ni kama saidia fundi anayempa fundi matofali: fundi akikaa mikono mitupu ilhali matofali yapo, anaongeza, yakirundikana miguuni pake muda mrefu, anapunguza. Kupanda kwa kikomo ni kwa papo hapo. Kushuka kunakwenda kwa tahadhari: kerneli hutazama kwa takriban sekunde nzima ziada iliyobaki, kisha hukata kiasi kidogo kabisa ilichokiona. Pakiti nyingine zinabaki juu, kwenye foleni inayoweza kupangwa.

Huko juu ndiko CoDel, mbinu ya kusimamia foleni, inakofanyia kazi. Kathleen Nichols na Van Jacobson waliitoa mwaka huohuo wa 2012. Kipimo chake ni muda ambao pakiti imekaa foleni: ukizidi milisekunde 5 mfululizo kwa milisekunde 100, huanza kutupa. Idadi haiiulizi kabisa. Kwa maoni yangu hapo ndipo fani ya kusimamia foleni ilipokomaa, ingawa CoDel haifai kitu iwapo foleni ya chini, ile ya mviringo, imeachwa ikavimba.

Kubadili ukubwa wa foleni ya mviringo yenyewe ni kazi ya hatari zaidi. Amri ipo, ethtool -G, lakini draiva nyingi huitekeleza kwa kuzima kadi, kuachilia kumbukumbu ya zamani, kisha kuomba mpya. Seva iliyokaa miezi bila kuzimwa huenda kumbukumbu yake imekatikakatika, na ombi likakataliwa. Kadi inabaki imezimwa. Fundi aliyetoa amri hiyo akiwa Nairobi, kupitia kadi hiyohiyo, itabidi apande gari. Draiva iliyoandikwa vizuri huomba kumbukumbu mpya kwanza, na ikinyimwa huendelea na ya zamani.

Kwa mwenye saiba, kikomo cha baiti pekee hakitoshi. Hufanya kazi pale draiva inaporipoti kwa kerneli, na modemu ya 4G ina bafa zake ambazo kerneli haizioni. Dawa ni kuifanya ruta yake iwe ndiyo wembamba: kwenye ruta inayotumia OpenWrt, mfumo wa Linux kwa ajili ya ruta, unawasha CAKE, mbinu ya kusimamia foleni iliyoingia Linux mwaka 2018, na kuiwekea kasi iliyo chini kidogo ya kasi halisi ya laini. Foleni inahamia mahali inapoweza kusimamiwa. Kasi ya simu hupanda na kushuka kutwa, kwa hiyo kiwango cha asubuhi kinaweza kuwa kikubwa mno jioni. Wapo walioandika programu ndogo zinazopima ucheleweshaji bila kukoma na kusogeza kiwango hicho. Asiyetaka usumbufu huo achague kiwango cha chini. Video itachelewa kidogo kupanda, na ritani zitapita.