Ruta na Swichi: Kila Moja na Kazi Yake

Ukiingia duka la vifaa vya kompyuta mjini Nyeri, Karatina au Nanyuki, utakuta visanduku viwili vinavyofanana kama mapacha. Vyote vina taa za kumetameta na safu ya matundu ya kuchomekea nyaya. Kimoja ni swichi, kingine ni ruta. Wapo wafanyabiashara wanaonunua ruta ya pili ilhali walichokosa ni swichi, mtandao ukizidi kusumbua wanailaumu kampuni ya intaneti. Tofauti yenyewe si ngumu: swichi huunganisha vifaa vya mtandao mmoja, ruta huunganisha mtandao mmoja na mwingine.

Tuanze na swichi. Chukua saiba yenye kompyuta kumi na printa moja, zote zimechomekwa kwenye swichi. Kila kifaa kimetoka kiwandani na anwani yake, iitwayo MAC, yenye alama 12 za tarakimu na herufi. Data inapopita, swichi husoma anwani ya mtumaji na kukumbuka imeingilia tundu lipi. Mteja akichapisha barua ya kuomba kazi, swichi huipeleka kwenye tundu la printa peke yake. Kama bado haijui printa iko wapi, huisambaza kwenye matundu yote mengine, na printa ikijibu, swichi imeshajifunza. Kazi hii haihitaji intaneti hata kidogo.

Ruta hutazama mbali zaidi. Inasoma anwani ya IP ya mpokeaji, ile inayoonyesha yuko mtandao upi, inaangalia orodha yake ya njia, kisha inaikabidhi data kwa ruta inayofuata. Ni kama mzigo unaotumwa kwa matatu kutoka Nyeri hadi Chuka. Wa stendi ya Nyeri haijui nyumba ya mpokeaji, wala haimhusu. Anachojua ni kwamba mzigo wa upande huo hupitia Karatina na Sagana. Ukifika Embu, wa huko watajua pa kuupakia.

Ruta ya nyumbani ina jukumu jingine. Mfumo wa zamani wa IP una anwani takribani bilioni 4.3 tu, nazo hazitoshi dunia nzima. Kwa hiyo ruta huvipa vifaa vya ndani anwani za humo humo, mara nyingi zinazoanza na 192.168, na vyote hutoka nje kwa anwani moja. Sanduku unaloletewa na kampuni ya intaneti huwa na ruta, swichi ndogo na Wi-Fi kwa pamoja, na ndiyo sababu watu huvichanganya.

Umuhimu wa ushirikiano wa vifaa hivi ulionekana Kenya miaka ya mwanzo ya intaneti. Hadi mwaka 2000, kampuni za intaneti nchini hazikuwa na mahali pa kubadilishana data. Barua pepe kutoka Nyeri kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine aliye Nanyuki, mwendo wa kilomita 60 hivi, ilipitia setilaiti hadi ng'ambo ndipo irudi. Ruta hazikukosea; hazikuwa na njia nyingine. Novemba mwaka huo kampuni hizo zilifungua kituo cha kubadilishana data, kiitwacho KIXP, jijini Nairobi. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, ililalamika, na kituo kikafungwa baada ya muda mfupi. Kilirudi kazini mwaka 2002 kikiwa na leseni. Kiini chake kilikuwa swichi: kila kampuni ilileta ruta yake ikaichomeka hapo, na data ya Mkenya kwa Mkenya ikaacha kuvuka bahari.

Ujuzi huu unaokoa pesa. Intaneti ikikatika, jaribu kuchapisha kwa printa ya mtandao. Ikichapa, swichi iko sawa. Kagua ruta au ipigie kampuni simu. Ikikataa, anza na nyaya na umeme wa swichi. Matundu yakiisha, nunua swichi. Ruta ya pili ikichomekwa ovyo huanza kugawa anwani zake, na vifaa vikapotea njia. Usichomeke ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi ya kawaida, kwani data itazunguka humo hadi mtandao wote ukwame. Na mwenye hoteli yenye vyumba vilivyotawanyika akumbuke kwamba waya wa kawaida wa shaba una kikomo cha mita 100. Zaidi ya hapo, weka swichi katikati au tumia faiba.

Kabla ya kutoa pesa dukani, jiulize swali moja: ninataka kuunganisha vifaa vyangu vya ndani, au kuufikia mtandao mwingine? Ukimjibu muuzaji hilo, hatakuuzia kisichokufaa.