Kutoka Hollywood hadi Meza ya Mkutano

Mwenyekiti wa kikao anapomwambia msemaji kwa Kiingereza “cut to the chase,” anamtaka aache kuzunguka mbuyu na aseme jambo lenyewe. Msemo huo ulizaliwa Hollywood, Marekani, enzi za sinema bubu.

Wakati huo mhariri wa filamu alikata utepe kwa mkasi, kisha akauunganisha na kipande kingine kwa gundi. Ndivyo hadithi ilivyohama kutoka tukio moja hadi jingine. Tukio ambalo watazamaji walilisubiri kwa hamu lilikuwa la kukimbizana, yaani “chase”; kukata (“cut”) hadi hapo kulikuwa kuwapeleka moja kwa moja kwenye tukio hilo. Katika filamu ya Seven Chances ya mwaka 1925, mwigizaji Buster Keaton anafukuzwa na mamia ya wanawake waliovaa shela, halafu anateremka mlima mbiombio huku mawe makubwa yakibingirika nyuma yake.

Mwaka 1929 maneno kama ya msemo huo yalichapishwa katika riwaya ya J. P. McEvoy, Hollywood Girl, yakiwa bado maelekezo ya filamu tu. Maana ya leo ilikuja baadaye.

Matumizi ya msemo huu yanahitaji uangalifu. Mzungumzaji anayeutumia kufupisha maelezo yake mwenyewe huonekana anajali muda wa wenzake. Akimwambia mkubwa wake kazini, amemkatiza.