Vali za Kuchomeka: Kuzuia Maji Bila Moto wala Spana

Vali ya kuchomeka ni koki ya kufungia maji inayoungwa na bomba kwa nguvu ya mkono peke yake. Haihitaji moto wa kulehemu, gundi, threadi wala spana: ncha ya bomba husukumwa ndani ya mdomo wa vali mpaka igote, na kazi ya kuunga imekwisha. Nchini Uingereza vifaa vya namna hii vimezoeleka majumbani kwa miongo kadhaa, na kampuni ya John Guest, iliyoanzishwa mwaka 1961, ni miongoni mwa zilizojijengea jina kwavyo. Nchini Marekani watu wengi huvijua kwa jina la SharkBite, bidhaa iliyoingia sokoni mwaka 2004. Kampuni ya Australia inayoimiliki SharkBite, Reliance Worldwide, iliinunua John Guest mwaka 2018. Msomaji anayeishi London, Minneapolis au Toronto atazikuta vali hizi katika duka la kawaida la vifaa vya ujenzi. Aliyeko Dar es Salaam au Mombasa huenda anazo nyumbani tayari bila kujua, nyuma ya mtambo wa kuchuja maji ya kunywa.

Ndani ya mdomo wa vali mna vitu vitatu. Cha kwanza ni pete ya chuma cha pua yenye meno madogo yaliyoinama kuelekea ndani. Bomba linapoingia, meno hulala na kulipisha. Likitaka kurudi nyuma, huling'ata. Kadiri maji yanavyolisukuma litoke, ndivyo meno yanavyozidi kukaza. Cha pili ni oringi, pete ya mpira inayolikumbatia bomba pande zote. Cha tatu ni kola ya plastiki, ambayo ikibonyezwa huyainua meno ili bomba liweze kuchomolewa. Ni vizuri kazi hizi zisichanganywe: meno hushika, mpira huziba. Bomba linaweza kushikwa barabara, livutwe kwa nguvu zote lisitoke, na bado likavuja kwa sababu ya mkwaruzo mmoja unaopita chini ya oringi. Katikati ya vali mna kijitufe chenye tundu kinachogeuzwa kwa robo mzunguko. Mkono wa vali ukilala sambamba na bomba, maji yanapita, ukikingama, yamefungwa.

Faida kubwa ya vali hii huonekana pale ambapo maji hayataki kukatika. Bomba la shaba haliwezi kulehemiwa likiwa na maji ndani, kwani joto la moto huishia kuyageuza maji kuwa mvuke na lehemu haishiki. Koki kuu ya nyumba ikiwa imechakaa, matone huendelea kushuka hata baada ya kufungwa, na fundi hukaa akisubiri bomba likauke. Mafundi wa zamani wa Uingereza na Marekani walikuwa wakishindilia mkate mweupe ndani ya bomba ili unyonye matone kwa dakika chache za kulehemu, kisha maji yakirudi huusukuma nje. Vali ya kuchomeka huingia kwenye bomba lililolowa bila shida. Hata pale maji yanapotoka kwa wingi, inaweza kuchomekwa ikiwa wazi, maji yakapita katikati yake pasipo kuirudisha nyuma, na kufungwa mara tu inaposhika.

Februari 2021 baridi kali ilishuka katika jimbo la Texas, Marekani, ambako nyumba nyingi hazikujengwa kwa kutarajia hali hiyo. Maji yaliganda ndani ya mabomba, yakatanuka na kuyapasua. Mafundi wakazidiwa na kazi, na watu wakakaa siku nyingi bila maji. Katika mkasa wa namna hiyo vali ya kuchomeka hutenda kazi iliyo bora kuliko zote: bomba linakatwa kabla ya mpasuko, vali inachomekwa na kufungwa, na nyumba nzima isipokuwa tawi lile bovu inapata maji tena. Ukarabati kamili unaweza kungoja fundi. Familia haiwezi kungoja maji.

Penye kosa kubwa zaidi ni kwenye kipimo. Karibu kila mtu husema "bomba la nusu inchi," na kila nchi ina yake. Bomba la shaba linaloitwa nusu inchi nchini Marekani lina kipenyo cha nje cha milimita 15.9. La Uingereza, lililochukua nafasi ya nusu inchi ya zamani, ni la milimita 15 kamili. Bomba la chuma lililopakwa zinki, lile la kukatia threadi ambalo bado limejaa katika nyumba za zamani za Afrika Mashariki, lina milimita 21.3. Bomba la plastiki la PPR ambalo mafundi wa Kenya na Tanzania huliita nusu inchi lina milimita 20. Mabomba manne, jina moja, na vali ya kuchomeka inayolifaa moja haiyafai mengine. Vali hii hutazama kipenyo cha nje tu, na oringi yake imetengenezwa kwa usahihi wa sehemu ndogo ya milimita. Bomba la Kiingereza la milimita 15 litaingia kwa wepesi katika vali ya Kimarekani, na hapo ndipo lilipo balaa: linaonekana limeingia, ilhali mpira haulibani.

Upande wa pili, huku kutazama kipenyo cha nje tu kunaleta nafuu kwa Wamarekani. Huko shaba, plastiki laini ya PEX na plastiki ngumu ya CPVC zilitengenezwa kwa kipenyo kimoja cha nje, kwa hiyo vali moja inaweza kuunga shaba upande mmoja na plastiki upande wa pili. Katika nyumba iliyokarabatiwa vipande vipande kwa miaka mingi, huo ni msaada usio mdogo.

Kazi yenyewe ni fupi, ila haivumilii uzembe. Kwanza maji hufungwa kwenye koki kuu, na koki ya chini kabisa nyumbani hufunguliwa ili mstari wote ujitoe maji. Mahali pa kukata huchaguliwa penye bomba lililonyooka, la mviringo kamili, lisilo na rangi, kutu, wala lehemu ya zamani. Ukataji ufanywe kwa kikatio cha bomba chenye gurudumu, au kwa mkasi maalumu ikiwa ni plastiki. Msumeno wa chuma ni chaguo la mwisho, kwa sababu huacha ncha iliyopinda na makali yanayoning'inia. Makali hayo ni adui mkubwa: yanapopita kwenye oringi huikata kama wembe, na mkato huo hauonekani tena, kwa kuwa umo ndani ya vali. Kwa hiyo ncha hukwanguliwa nje na ndani mpaka kidole kikipitishwa juu yake kisihisi kitu. Shaba yenye madoa husuguliwa kwa msasa laini kwa kuzungusha, si kwa kuvuta kutoka mwanzo wa bomba hadi ncha, kwani mikwaruzo ya urefu huwa mifereji ya maji.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayotenganisha kiungo cha kuaminika na cha bahati nasibu. Kila ukubwa wa vali una kina chake cha kuingilia. Kwa bomba la nusu inchi la Kimarekani ni takriban sentimita 2.5. Kina hicho hupimwa kutoka ncha ya bomba na kuwekwa alama kwa kalamu ya wino mzito. Bomba linapochomekwa, mkono huhisi ukinzani mara mbili, kwanza kwenye meno na kisha kwenye mpira. Wengi huishia kwenye ule wa kwanza, wakidhani wamefika. Bomba lililoingia nusu hushikwa na meno lakini halijafika penye oringi, au limeigusa kwa ukingo tu. Lililoigusa hivyo linaweza kukaa siku kadhaa bila dalili, kisha likaachia usiku. Alama ikifika mdomoni mwa kola, bomba limegota. Baada ya hapo huvutwa kwa nguvu kulijaribu, koki kuu hufunguliwa polepole, na kiungo hupapaswa kwa karatasi kavu.

Bomba la PEX huhitaji kitu kimoja zaidi: kijipande kigumu cha ndani kinachoizuia plastiki isibonyee chini ya shinikizo la meno na mpira. Baadhi ya viungio huja nacho ndani. Kwa vingine huuzwa kando. Kikisahaulika, plastiki hulegea pole pole, hasa penye maji ya moto.

Kwa vali kuna jambo la ziada ambalo viungio vya kawaida havina. Kiungo cha kuchomeka huweza kuzunguka juu ya bomba hata baada ya kushika. Mtu anapogeuza mkono wa vali, vali nzima hutaka kugeuka pamoja nao, na kila mzunguko huisugua oringi. Dawa yake ni kulifunga bomba ukutani kwa klipu pande zote mbili, karibu na vali, na kuishika vali kwa mkono wa pili wakati wa kuifungua au kuifunga. Vali inayoning'inia hewani bila tegemeo imewekwa nusu.

Mipaka yake nayo ijulikane. SharkBite nyingi za shaba njano zimepimwa kwa pauni 200 kwa inchi ya mraba, yaani takriban baa 14, na nyuzi joto 93 za Selsiasi. Kiwango hicho kinapita mbali shinikizo la nyumba inayopata maji kutoka tangi la juu ya paa, kwani kila mita 10 za kimo huleta takriban baa moja. Joto ndilo la kuchungwa zaidi: kulehemu karibu na vali iliyokwisha kuchomekwa huunguza mpira, hivyo kazi ya moto hutangulia na bomba huachwa lipoe. Oringi nyingi za vali hizi ni za mpira wa EPDM, ambao huharibika ukiguswa na mafuta ya petroli. Mafuta ya mgando, yale ya kujipaka, yametokana na petroli, kwa hiyo hayafai kulainishia. Kilainishi cha silikoni ndicho salama. Vali za maji hazitumiki kamwe kwenye gesi ya kupikia. Tena, katika nyumba za zamani ambako bomba la chuma au shaba limetumika kupeleka umeme ardhini, kuweka kipande cha plastiki katikati hukata njia hiyo, na fundi umeme lazima aiunganishe upya kwa waya. Hili ni suala la uhai wa mtu, na halisemwi vya kutosha.

Hali ya Afrika Mashariki ni tofauti. Nyumba nyingi mpya zimepitishiwa PPR, ambayo huunganishwa kwa kuyeyushwa kwa pasi yenye joto la nyuzi 260 hivi, na kiungo kinachopatikana ni imara sana. Vali ya kuchomeka iliyotoka Uingereza au Marekani haiwezi kuingia humo moja kwa moja. Bomba jeusi la HDPE linalotoka kwenye mita huungwa kwa viungio vya kukaza nati kwa mkono, ambavyo vina pete ya kushika na oringi ya kuziba, kwa hiyo uangalifu ule ule wa kukata na kusafisha unahitajika. Ndugu walioko ughaibuni wanapotuma vali nyumbani, hata zile zenye threadi upande mmoja zina mtego: threadi za Kimarekani na zile za Kiingereza zinazotumika Afrika Mashariki zina idadi sawa ya meno kwa nusu inchi, 14 katika kila inchi, lakini pembe za meno ni tofauti, nyuzi 60 na nyuzi 55. Hukubali kuanza kukazwa, kisha huvuja hata zikifungwa tepu nyingi.

Mahali ambapo teknolojia hii imeingia vyema ni kwenye mitambo ya kuchuja maji ya kunywa. Vijibomba vyake vya robo inchi huungwa kwa vali ndogo za kuchomeka, mara nyingi zikiwa na klipu ya rangi inayoizuia kola isibonyee. Mwenye nyumba anaweza kubadilisha kichujio mwenyewe: afunge koki, atoe klipu, abonyeze kola kwa vidole viwili na kukivuta kijibomba. Kabla ya kukirudisha, ncha yenye alama za meno ikatwe kidogo, ili oringi ikutane na plastiki isiyo na kovu.

Je, vali hizi zifichwe ndani ya ukuta? Watengenezaji wa baadhi yake huruhusu. Mafundi wengi hawapendi, na hoja yao ina uzito, kwa kuwa mpira ni kitu cha kuchakaa na kovu la oringi halionekani siku ya kazi. Vali ni chombo cha kufunguliwa na kufungwa, hivyo mahali pake ni chini ya sinki, nyuma ya kabati au kando ya tangi, penye kufikika na penye kuonekana tone la kwanza. Anayekwenda dukani kuinunua achukue kipande cha bomba lake, au akipime kipenyo cha nje kwa kalipa na kukiandika kwa milimita, wala asimwambie muuzaji "nusu inchi" peke yake.